Picha ya kale ya uso wa upande, miwani imebandikwa juu ya karatasi: nani anamjua mchoraji huyu?

MamaNeema

Wakuu, salaam. Humu kuna watu wa kila fani, kwa hiyo naleta jambo langu kabla sijaharibu zaidi.

Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Massachusetts, upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa New Hampshire. Kwa sasa niko kwa bibi mmoja wa miaka 91, zamu ya mchana. Nyumba yake ni ya mbao, ngazi zinalia, na kwenye korido ya kwenda chooni kuna picha ambayo nimeipita mara kumi kwa siku kwa miezi saba bila kuitazama. Nilidhani ni kalenda ya zamani iliyosahaulika ukutani.

Jumanne Bibi akaniambia niipanguse, vumbi limezidi. Kuishika nikaona kioo kina ufa pembeni na vumbi limeshaingia ndani. Hapo ndipo nilipojifanya fundi. Nikalaza fremu mezani kifudifudi, nikang'oa vimisumari, nikatoa ubao wa nyuma. Kumbe hakuna gundi, karatasi imekaa tu. Nikaiinua kidogo, kidole gumba kikagusa pembe, na nilipokitazama kilikuwa cha bluu. Wakuu, mkono ulitetemeka. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikagonga misumari kwa kisigino cha kiatu, nikaenda kunawa. Bibi nilimwambia jioni, baada ya kumpa dawa na chai. Akacheka akasema basi sasa na mimi nimo kwenye picha.

Sasa nieleze picha yenyewe. Ni mwanamke, kichwa na mabega, ametazama kushoto kabisa, upande mmoja tu wa uso. Kichwa ni kikubwa kama kichwa cha mtu wa kweli. Nilisimama karibu tukalingana. Amevaa kofia nyeupe ya kitambaa chenye lesi, imefungwa chini ya kidevu. Gauni ni jeusi. Nyuma ni bluu tupu, ile iliyonipaka kidole. Hakuna kung'aa kama rangi ya mafuta, imefifia kama ukuta uliopakwa chokaa.

Kilichonishangaza zaidi ni miwani. Miwani ile haikuchorwa. Ni kitu chembamba cha kung'aa, kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kimekatwa na kubandikwa juu ya pua na kupita hadi sikioni. Ukiinamisha fremu kinameta. Na ile kofia, ukiitazama kwa pembeni unaona ukingo wake umeinuka, kama nayo imekatwa peke yake ikabandikwa.

Nyuma ya ubao kuna maandishi ya penseli: jina la mwanamke (sitaliweka hapa, ni la ukoo wao), neno Ashby, na 1830. Bibi anasema tangu akiwa mtoto aliambiwa kwamba aliyechora ni "mke wa mchungaji". Hajui zaidi.

Maswali yangu: mke wa mchungaji gani huyo? Kwa nini wote wa zamani walichorwa upande kama picha za polisi? Na nitasafishaje bila kuleta msiba mwingine?

Kobe_Mwenda

Dada, usijisumbue. Hizo picha za zamani za upande ni kukopi kivuli. Mtu anakaa, taa inawashwa, kivuli kinapiga ukutani, mwingine anafuatisha kwa penseli. Hata mwanangu wa darasa la tatu anaweza. Mwulize Bibi kama anaiuza, labda ina hela, maana Wamarekani wanapenda vitu vya kale hata kama havina maana.

MzeeWaGundi

MamaNeema, kwanza pole kwa mshtuko. Kidole cha bluu hakijaua picha. Lakini usirudie tena, na nitakueleza kwa nini.

Nimefunga vitabu na kutengeneza fremu zaidi ya miaka ishirini hadi macho yalipochoka, na picha za karatasi ndizo zilizonilisha. Kwa ulivyoeleza, miwani ya karatasi ya bati, kofia ya kubandikwa, uso wa ukubwa wa kweli, Ashby, 1830, na hayo maneno ya mke wa mchungaji, jina linalonijia ni moja tu: Ruth Henshaw Bascom. Sisemi ni yake, picha huwa haithibitishwi kwa maelezo ya mtandaoni. Ila kama ningekuwa hapo ningevua kofia.

Alizaliwa Desemba 1772 huko Leicester, Massachusetts, hapo jirani na Worcester. Baba yake ni Kanali William Henshaw, ambaye Aprili 1775, vita vya uhuru vya Marekani vilipoanza, alitoka na wanamgambo wa Leicester kwenda Cambridge. Binti alikuwa bado mdogo wa miaka miwili. Alikuwa mkubwa wa watoto wengi wa mama yake, na ninyi mliokuwa vifungua mimba mnajua maana yake: akili inakuwa kwenye kazi za nyumba kabla hujajua kuandika jina lako. Alisokota, alifuma, alishona, alifundisha shule. Baadaye alijulikana pia kwa kutengeneza kofia za akina mama. Hilo la kofia liweke akilini, nitalirudia.

Mwaka 1789, akiwa bado kigori, alianza kuandika shajara, na aliendelea nayo hadi 1846. Miaka 57! Mimi daftari la matumizi ya nyumbani lilinishinda mwezi wa pili. Aliandika hali ya hewa, nani kaja, nani kaugua, nani kazikwa, kashona nini. Na katikati ya hayo hayo, bila kubadilisha sauti, anaandika kwamba leo kamchora fulani. Kuchora kwake kumekaa kwenye ukurasa pamoja na kuoka mikate na kwenda kanisani. Shajara hiyo ipo hadi leo Worcester, kwenye maktaba ya American Antiquarian Society. Dada, kutoka kwenye hiyo korido yako hadi pale si safari ya kulala njiani.

Aliolewa 1804 na daktari, Asa Miles, na muda mfupi tu akawa mjane. Mwaka 1806 akaolewa tena na Mchungaji Ezekiel Bascom. Ndiye mchungaji wako huyo. Walikaa kwanza Phillipston, wakati huo ikiitwa Gerry, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1820 wakahamia Ashby. Baadaye wakavuka mpaka kwenda Fitzwilliam, New Hampshire. Mchungaji alifariki 1841, naye Ruth akafuata 1848. Watoto wa kuwazaa hakuwa nao, mume alikuwa na binti wa ndoa ya awali.

Sasa sikiliza hili, maana watu wanalipita haraka. Sehemu kubwa ya kazi zake alizifanya akiwa ameshapita miaka 50. Alijaribu mapema kidogo, lakini mafuriko ya picha yalikuja akiwa mama mtu mzima, mke wa mchungaji, nyumba haikauki wageni. Kwa hesabu ya shajara alichora watu zaidi ya elfu moja. Elfu moja! Mara nyingi hakutoza. Walikuwa jamaa, majirani, waumini wa mumewe, watoto waliokuja na mama zao. Hakujiita msanii. Hakutangaza gazetini kama wachoraji wa kutembea wa zama zile, waliokuwa wakiingia mji mmoja hadi mwingine na farasi na boksi la rangi.

Kuhusu namna ya kuchora, Kobe_Mwenda amesema nusu ya kweli. Ndiyo, alifuatisha kivuli. Karatasi ukutani, mtu kakaa ubavu, mwanga upande wa pili, penseli inapita kwenye ukingo wa kivuli. Ndiyo sababu kichwa kina ukubwa wa kweli na karatasi inakuwa kama dhiraa moja kwenda juu. Ndiyo sababu pia ni upande, kwa kuwa kivuli cha uso ulionyooka mbele ni sawa na kivuli cha nazi, hakina pua wala kidevu. Ukimgeuza mtu ubavu ndipo anapokuwa yeye.

Ila kivuli kinakupa mstari wa nje tu. Ndani ni giza. Jicho hakikupi. Sikio hakikupi. Nywele zinaanzia wapi, shavu limelegea kiasi gani, lesi ina matundu ya namna gani, hayo yote unayatafuta wewe kwa macho yako. Akajaza kwa chaki za rangi, pasteli, akilainisha kwa kidole. Na mtu aliyetumia maisha yake kukata na kushona kofia, unadhani ataichoraje kofia? Ataikata! Ndiyo hiyo uliyoiona imeinuka ukingo. Katika picha zake kadhaa uso umekatwa kwenye karatasi moja, nguo karatasi nyingine, vikabandikwa juu ya karatasi ya nyuma. Miwani na shanga za dhahabu alitumia karatasi ya bati. Wengine wakiona hapo wanasema ni mchezo wa watoto. Mimi naona mshonaji ambaye kitambaa chake safari hii ni karatasi.

Usafi sasa. Pasteli ni unga. Rangi ya mafuta imeshikwa na mafuta yake, lakini unga huu umekaa juu ya nyuzi za karatasi tu, na ndio uliohamia kwenye gumba lako. Kwa hiyo usiifungue tena kabisa. Usipulizie dawa ya kioo moja kwa moja, maji yanateremka kwenye ukingo wa fremu na kunywewa na karatasi. Lowesha kitambaa kidogo mbali na picha, futa kioo, maliza na kikavu. Mtu akikushauri mbadilishe kioo chenye ufa muweke cha plastiki chepesi, kataa: plastiki ikisuguliwa inapata umeme tuli na kuvuta unga kutoka kwenye karatasi, kesho unamkuta Bibi wa watu amehamia kwenye kioo. Iwekeni mbali na jua la dirishani na hita. Ubao wa nyuma kweli unaigeuza karatasi kuwa kahawia, lakini usiutupe hata kwa dawa, maana ndio ulioandikwa. Aubadilishe mtu wa kuhifadhi karatasi, si mimi wa mtandaoni wala kisigino cha kiatu chako.

Kobe_Mwenda

Sawa mzee, nimekusoma. Lakini bado, kama alitumia kivuli, basi si kipaji ni mbinu.

MzeeWaGundi

Mwanangu, na mshonaji anatumia futi. Umewahi kuona suti iliyoshonwa na futi peke yake?

Nuru_wa_Lowell

Naomba niongeze kitu, maana hizi picha za vivuli ndizo zilizonifanya nianze kusoma habari za huku.

Wakati Ruth yuko kijijini, Philadelphia kulikuwa na makumbusho ya Charles Willson Peale. Mwaka 1802 waliweka mashine ya kufuatisha uso: unakaa ubavu, kijiti kinapita juu ya paji, pua, midomo, kidevu, na upande wa pili sindano inachora sura hiyohiyo ikiwa ndogo. Aliyekuwa akiiendesha na kukata ni Moses Williams, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, akalelewa ndani ya nyumba ya Peale na kupewa uhuru karibu na wakati huohuo. Watoto wa Peale walifundishwa kupaka rangi za mafuta. Yeye alifundishwa mkasi.

Bei ilikuwa senti 8. Karatasi ilikunjwa mara mbili ikawa tabaka nne, kwa hiyo mkato mmoja ulitoa nakala nne. Na hakukata uso akauondoa. Alikata tundu lenye umbo la uso, ukiweka kitambaa au karatasi nyeusi nyuma ndipo mtu anatokea. Mwaka 1803 peke yake zilikatwa zaidi ya 8,000. Vile vipande vya katikati vilivyodondoka, yaani nyuso zenyewe, vilijaa mapipa. Kwa kazi hiyo alinunua nyumba akaoa. Lakini picha zilipigwa muhuri wa makumbusho, si wake, na kwa muda mrefu watu walimsifu Peale kwa mkasi wa Moses.

Ninachotaka kusema kwa Kobe_Mwenda: mashine ile kila aliyelipa angeweza kuijaribu mwenyewe, na bado watu walipanga foleni wakatwe na Moses. Mkono ulikuwa na tofauti.

Na kama MamaNeema anatafuta wanawake wengine wa zama hizo, hapa Lowell wanakumbukwa Ruth Whittier Shute na mumewe, daktari Samuel Shute. Waliwachora hata wasichana wa viwanda vya nguo. Nyuma ya picha zao kadhaa imeandikwa wazi kwamba mke ndiye aliyechora na mume ndiye aliyepaka rangi. Mume alifariki 1836, mke akaendelea na kazi peke yake. Deborah Goldsmith wa jimbo la New York naye alichora ili awatunze wazazi wake waliozeeka bila kitu, akaolewa katika familia ya Throop aliyokwenda kuichora, akafa 1836 hajafika miaka 30. Na Mary Ann Willson, huko Greenville, New York, alikaa na mwenzake kwenye kibanda cha magogo, mwenzake akilima, yeye akipaka kwa rangi alizojitengenezea kwa maji ya matunda ya porini na vumbi la matofali. Ana picha ya nguva inayoonekana kama imechorwa na mtu aliyekuwa akicheka.

MamaNeema

Jamani, asanteni. Nimesoma kila jibu mara mbili, mara ya pili kwa sauti, nikimtafsiria Bibi. Alipofika pale pa mwanamke wa miaka 50 na nyumba haikauki wageni alisema, "Alipata wapi muda?" Nikamwambia swali hilo aniulize mimi.

Mzee, kioo nimefuta ulivyosema. Fremu nimeihamisha: ilikuwa inapigwa na jua la saa kumi kupitia dirisha la jikoni. Sasa iko ukuta wa ndani, mkabala na kiti chake.

Halafu nikafanya jambo. Kobe_Mwenda alinikera, samahani ndugu yangu, nikasema ngoja nijaribu huo mchezo wa darasa la tatu. Jana jioni, kabla zamu haijaisha, nikamwuliza Bibi kama atakubali. Akataka kwanza kuchana nywele.

Nikasogeza kiti chake cha magurudumu ubavu kwa ukuta, nikabandika karatasi kubwa ya kufungia zawadi, upande mweupe nje. Taa ya mezani nikaiweka karibu naye. Kivuli kikawa jitu, pua kama mdomo wa kuku, na kingo zake ukungu mtupu. Nikarudisha taa nyuma hatua tano, nikamsogeza yeye hadi bega likagusa ukuta. Kikapungua hadi kikawa saizi yake, lakini ukungu ukabaki. Taa ina balbu pana. Nikazima, nikachukua tochi ya simu, nikaisimamisha kwenye rafu juu ya Biblia na kopo la kahawa ili ifike kimo cha sikio lake. Hapo mstari ukatoka, mkali kama umekatwa kwa wembe. Nikaelewa kwa nini mshumaa ulitosha: moto wake mdogo.

Basi nikaanza kwenye paji. Wakuu, mtu anapumua! Sikuwahi kuliwazia hilo. Nikifika kwenye jicho, kichwa kimeshuka upana wa penseli. Nikifika mdomoni, anameza mate, mdomo wote unatembea. Bibi ana mtikisiko kidogo wa kichwa, unaozidi jioni. Nikasubiri. Unaangalia kivuli kinakwenda kinarudi, kinakwenda kinarudi, na kila kikirudi mahali pake unapata mvuto mmoja wa penseli, kisha unasubiri tena. Na mkono wangu wenyewe ukiingia kwenye mwanga unaficha kile ninachokifuata, ikabidi niandikie chini ya kiwiko kama mwizi. Dakika ishirini kupata kutoka paji hadi shingo. Shingo yake, ambayo naiosha kila asubuhi, sikuwa najua ina mikunjo mitatu na wa katikati ndio mrefu.

Tukawasha taa kubwa. Ukutani pana mstari, na ndani yake hakuna kitu. Mzee, ulisema ndani ni giza. Mimi nilikuta ni peupe, na peupe panatisha zaidi. Nikajaribu jicho. Nilichora jicho la samaki, refu, lenye pembe mbili, jinsi tulivyozoea kuchora jicho. Bibi alilitazama muda mrefu kisha akanyoosha kidole kwenye ile picha ya mkabala. Nikaenda nikatazama kwa karibu. Jicho la pale halina pembe mbili. Ni kama kipande cha embe kilichokatwa ubavu, kope inaanzia mbele na kuishia kwenye shavu, na chini ya kope mwanamke yule ameweka mstari mmoja wa kahawia hafifu kiasi kwamba ukiwa mbali hauuoni, lakini ukiufunika kwa kidole (juu ya kioo, mzee, juu ya kioo!) yule mama anakuwa kipofu. Hicho kivuli hakikumpa.

Sikio sikuthubutu.

Maktaba ya Worcester nitaenda, nimeomba siku ya mapumziko wiki ijayo. Mpwa wake Bibi amesema atatupeleka wote wawili kama hali ya hewa itaruhusu. Nitapeleka jina lililo nyuma ya ubao na picha nilizopiga kwa simu, fremu yenyewe itabaki nyumbani.

Kobe_Mwenda

Mama, nimejaribu na mwanangu baada ya kukusoma. Amecheka muda wote, tumepata kidevu tu.

MzeeWaGundi

Kidevu ni mwanzo. MamaNeema, ukifika Worcester waeleze mapema kwamba unatafuta kurasa za 1830, shajara ni ndefu mno kuisoma tangu mwanzo. Na usiwe na haraka na hilo jina tu. Tazama siku zinazofuata pia, wakati mwingine kazi moja ilichukua zaidi ya siku. Kwa kutokutia sahihi mara nyingi, hiyo shajara ndiyo sahihi yake. Ubao wenye jina na mwaka, na ukurasa wenye jina na mwaka: vikikutana, utakuwa umefanya kazi ambayo watu hulipwa kuifanya.

Na kuhusu swali la hela la mwanzoni, Bibi anasemaje?

MamaNeema

Nilimwuliza. Alisema imeshakaa njia ya chooni muda wote huo na haijamdai kodi, kwa nini aifukuze leo.

Ila ule mchoro wangu wa karatasi ya zawadi amekataa nisiutupe. Leo asubuhi nimemkuta ameuegemeza kwenye meza ya dawa, amevaa miwani, anaufuatisha mstari kwa ukucha kutoka juu kwenda chini. Kufika katikati akasimama. Akaniambia pua hiyo si yake, ni ya baba yake, na kwamba amekaa nayo miaka 91 bila kuiona kwa sababu kioo humwonyesha mtu kwa mbele tu.

Kisha akaniambia nilete gundi na karatasi ya chokoleti. Anataka miwani.